Naqshband Angehitaji Kibali

Serikali ya Uzbekistan inajua kupamba kaburi. Afikaye leo kwenye ziara ya Bahauddin Naqshband (1318–1389), nje kidogo ya mji wa Bukhara, hukuta ua uliofagiwa, misikiti iliyokarabatiwa, na khanqah kubwa iliyojengwa na Abdulaziz Khan mwaka 1544. Enzi za Wasovieti mahali hapo palifanywa makumbusho ya kukana Mungu. Mwaka 1993, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Rais Islam Karimov iliadhimisha miaka 675 tangu kuzaliwa kwa walii huyo, na mafundi wakarejea kazini. Hilo ni jema. Ugomvi wangu ni juu ya kile kilichoachwa nje ya lango.

Usufi haukai ndani ya matofali. Unakaa baina ya shekhe na muridi wake. Naqshband alilelewa kiroho na Amir Kulal, aliyekuwa mfinyanzi. Jina lake mwenyewe, kwa maelezo yaliyozoeleka, latokana na kazi ya kutia nakshi, neno lilelile tulitumialo kwa milango ya Zanzibar na Lamu. Njia yake ilishika zikri ya kimya, ya moyoni, tofauti na zikri ya sauti tuijuayo kwa Kadiria wa pwani yetu, na ilimtaka mtu awe faraghani na Mola wake hata akiwa katikati ya soko. Elimu ya namna hiyo hupokewa kwa kukaa pamoja.

Sasa itazameni sheria. Ile ya mwaka 1998, iliyojiita ya uhuru wa dhamiri, iliharamisha shughuli za dini zisizosajiliwa na ikapiga marufuku kufundisha dini kwa faragha. Sheria mpya ya Julai 2021 ilipunguza idadi ya waanzilishi wa jumuiya ya dini kutoka 100 hadi 50 na ikaondoa katazo la mavazi ya kidini hadharani. Katazo la kufundisha bila ruhusa halikuguswa. Bahauddin angefufuka leo akawakusanya vijana saba sebuleni kwake, angekuwa mhalifu hatua chache kutoka kwenye kaburi ambalo serikali hiyohiyo inalitunza.

Watetezi wa serikali, wakiwemo wasomi ambao wangepaswa kujua zaidi, husema kwamba Usufi ni Uislamu wa upole, nayo dola inaulea ili kuzima msimamo mkali. Hutukumbusha mabomu ya Tashkent ya Februari 1999. Mabomu yale yaliua, na dola ilikuwa na wajibu wa kuwasaka waliohusika. Lakini kilichofuata kilikuwa kamatakamata ya maelfu, na gereza la Jaslyk, lililofunguliwa mwaka huohuo, halikufungwa hadi 2019. Huo ndio upole uliofundishwa.

Tena, huo Usufi wa upole umepepetwa kama mchele. Khoja Ahrar (1404–1490), Mnaqshbandi wa Samarkand, alisuluhisha wana wa ukoo wa Timur waliokuwa wakipigana, na akautumia uzito wake kutaka kodi ya tamgha, iliyowaelemea wafanyabiashara, iondolewe. Dukchi Ishan, shekhe wa njia hiyohiyo, aliwaongoza wafuasi wake kuivamia kambi ya askari wa Urusi huko Andijan mwaka 1898, akanyongwa. Simpambi Dukchi Ishan. Damu ilimwagika, na wanakijiji wengi walilipia. Nasema tu kwamba urithi huu umekuwa na watu waliowakabili watawala, kwa ushauri na hata kwa silaha, nao hawaingii kwa urahisi katika vipeperushi vya watalii.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayeandaa hotuba kuhusu "mfano wa Uzbekistan", usinionyeshe kuba lililokarabatiwa. Nionyeshe tarehe ambayo kifungu cha mafunzo ya faragha kitafutwa.