Mlinzi wa ubongo wa mtoto anapogeuzwa na adui

Ukitoka mjini Nyeri ukielekea upande wa msitu wa Aberdare, utafika mahali ambapo mashamba yanakoma na ua wa stima unaanza. Ua huo ulianza kujengwa mwaka wa 1989 na ukakamilika mwaka wa 2009. Urefu wake ni kilomita zipatazo 400. Kabla ya hapo, mkulima aliweza kulala akiwa na mahindi shambani na kuamka akute ndovu wameyamaliza.

Leo nakuomba ukumbuke ua huo, kwa maana ubongo wa mwanao una ua unaofanana nao. Kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo zimeshikana sana, hivi kwamba viini vingi vya magonjwa, na hata dawa nyingi, haviwezi kupenya. Askari wa kawaida wanaozunguka katika damu nao huzuiliwa kwa kiasi kikubwa. Ni nani basi anayelinda ndani ya ua?

Kazi hiyo hufanywa na seli ziitwazo mikroglia. Zilielezwa kwa kina mwaka wa 1919 na mtaalamu wa Uhispania, Pío del Río Hortega. Huingia ubongoni mtoto angali tumboni, majuma machache tu baada ya mimba kutungwa, na hukaa humo maisha yote. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba seli hizi husinzia mpaka balaa itokee. Mwaka wa 2005, walipotazama ubongo wa panya aliye hai, waligundua kwamba hazilali kamwe. Hunyoosha mikono yake huku na huku, zikipapasa kila kona.

Kwa mtoto zina kazi nyingine tena. Mkulima wa kahawa wa Othaya anajua kwamba mkahawa usiopogolewa huwa na matawi mengi na mazao haba. Ubongo wa mtoto nao huota viunganishi vingi kupita kiasi, na mikroglia husaidia kupogoa vile visivyohitajika ili vinavyobaki viwe imara.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Katika nchi ambazo hospitali zinaweka hesabu kamili, uvimbe wa ubongo ni saratani ya pili kwa wingi miongoni mwa watoto, baada ya saratani ya damu. Je, walinzi hawa huwa wapi uvimbe unapoanza?

Wapo papo hapo! Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Seli za uvimbe si wageni waliovuka ua. Ni seli za mtoto mwenyewe zilizoacha adabu na kuzaana bila kipimo. Hutoa kemikali zinazowaita walinzi, nao huja wakidhani kuna kidonda cha kutibiwa. Badala ya kupigana, baadhi yao huulisha uvimbe na kuwatuliza askari wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu uvimbe hatari wa shina la ubongo ulionyesha kwamba walinzi wamo ndani yake, ila hawapigi kamsa.

Mambo si sawa katika kila uvimbe. Katika majaribio ya panya, kuna aina ambayo ilikua polepole walinzi hao walipopunguzwa. Kuna nyingine ambayo ilikua upesi zaidi walipoondolewa, kumaanisha kwamba huko walikuwa wakipigana kwa dhati. Ndiyo sababu wataalamu wangali wanatafuta dawa ya kumrudisha mlinzi upande wetu bila kumdhuru mtoto.

Kwa hivyo, mzazi, ukikutana sokoni Karatina au katika matatu ya Nanyuki na mtu anayeuza chupa ya "kuongeza kinga" na kuyeyusha uvimbe, mpite. Kumwongezea nguvu mlinzi aliyegeuzwa na adui si kumsaidia mtoto. Hasara kubwa si pesa hizo pekee, bali pia majuma yanayopotea mkingoja chupa ifanye kazi.

Zijue dalili basi. Mtoto huumwa na kichwa, hasa anapoamka asubuhi, kisha hutapika na pengine kupata nafuu baadaye. Huanza kuyumba anapotembea au kuangusha vikombe, kwa kuwa uvimbe mwingi wa watoto huota sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili. Jicho huweza kwenda upande, shingo kuinama, au mwandiko uliokuwa mzuri ukaharibika. Kwa mtoto mchanga, kichwa hukua upesi kupita kawaida.

Ni kweli, maumivu mengi ya kichwa si uvimbe. Lakini mtoto akitibiwa malaria, kisha taifodi, kisha minyoo, na bado anatapika kila asubuhi, usimchape kwa kisingizio kwamba anakwepa shule. Mpeleke katika hospitali ya rufaa ya kaunti na umwambie daktari dalili zote, pamoja na siku zilipoanza. Akishuku, ataagiza picha ya ubongo. Mtoto akihitaji upasuaji anaweza kutumwa Kenyatta, Nairobi, au Kijabe, hospitali ya misheni inayojulikana kwa upasuaji wa ubongo wa watoto.

Baada ya upasuaji huenda zikafuata dawa kali au miale. Usishangae madaktari wakijitahidi kuepuka miale kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Miale huua uvimbe, lakini pia huwachokoza walinzi wale wapogoaji na huweza kudhoofisha uwezo wa mtoto wa kujifunza.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini, hawafiki 30. Sababu moja ni kuchelewa kutambua ugonjwa, na mzazi anaweza kusaidia kupunguza kuchelewa huko.

Mlinzi wa ndani anaweza kudanganywa. Wewe uliye nje, mwangalie mwanao vyema kesho asubuhi anapoamka kwenda shule. Hadi Jumapili ijayo, afya njema.