Ngoma Haitazamwi kwa Dakika Kumi

Mwezi Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi wa waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za wazee wao. Wizara hiyo imebadilishwa majina mara nyingi tangu wakati huo, lakini swali lake limebaki, na kwa maoni yetu limepata upande wa pili: hata yule aijuaye ngoma ya kwao, ni nadra kuijua ya jirani.

Tuchukue mfano wa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, upande wa Ngaramtoni. Hapo pana Chuo cha Misitu kilichoanza mwaka 1937, na vijana hutoka pande nyingi za nchi kuja kusomea miti. Wenyeji wao ni Waarusha, watu wasemao Kimaa, ambao nyimbo zao hazihitaji ngoma ya kupigwa wala zeze. Kiongozi, aitwaye olaranyani, huanzisha. Wenzake humjibu kwa mvumo mzito wa koo na pumzi, na mapigo hushikwa na vishindo vya miguu na mlio wa mapambo. Kijana aliyelelewa Unguja kwa udi, ganuni na fidla aweza kupita hapo akadhani si muziki, ni mazoezi ya kuruka. Wala tusimlaumu, maana ndivyo alivyoonyeshwa siku zote: picha ya kadi ya posta, mtu mmoja yuko angani. Akikaa vya kutosha ndipo atakapobaini kwamba kuruka huenda kwa zamu, na kwamba wenzake humpandishia sauti kadiri anavyopanda yeye.

Mwarusha naye akiingizwa ukumbini kwenye taarabu atashangaa vivyo hivyo. Ataona watu wameketi kwa utulivu, mara mama mmoja anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, anamtuza mwimbaji, anarudi kitini. Mgeni atadhani ni ukarimu tu. Wenyeji wanajua kwamba mara nyingi hilo ni jibu: maneno yamemgusa yeye, au anataka yamguse mwingine aliyeketi safu ya tatu. Jambo hilo halisikiki redioni, hata redio iwe nzuri namna gani. Na Mpemba achezaye msewe, ambaye miguu yake imefungwa vitu vinavyolia kwa kila hatua, angeelewana na Mwarusha upesi zaidi kuliko wanavyodhani wakubwa wa ofisini.

Lakini wakutane wapi? Kwa desturi tuliyoizoea, hukutana uwanjani katika sherehe za taifa. Kikundi husafirishwa mbali, husimama juani tangu asubuhi, hucheza dakika kumi mbele ya jukwaa kuu, na mara nyingi mshehereshaji hukikatiza kwa kuwa mgeni rasmi amewasili. Mwananchi aliyeketi upande wa pili wa uwanja huondoka akiwa ameona mavazi. Huko si kuhudhuria ngoma.

Sababu moja ni ya mpangilio. Utamaduni si miongoni mwa mambo ya Muungano. Bara kuna Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Zanzibar ina baraza lake. Hatusemi mpangilio huo uvunjwe. Visiwani wana kila haki ya kukilinda kilicho chao. Tunachosema ni kwamba kuvuka bahari kwa kikundi cha ngoma kumekuwa jambo la mwaliko na hisani. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu yake Arusha, ilifanya matamasha yake ya utamaduni Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Wakazi wa Meru wakayasoma magazetini.

Watakaotuambia kwamba matamasha yapo, tunawakubalia. Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 katika Ngome Kongwe ya Unguja, limewakutanisha wanamuziki wa Afrika nzima, na tiketi ya mwananchi imekuwa nafuu kuliko ya mgeni. Lakini mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha za wafadhili. Jambo linalosimama au kuanguka kwa mkono wa mfadhili haliwezi kuachiwa kazi hii peke yake.

Tungependa wizara mbili zinazohusika zianze na vyuo. Kikundi cha taarabu kije Olmotonyi kipige usiku mzima, pasiwe na mgeni rasmi. Waarusha nao wapelekwe Wete na Makunduchi, wasiishie kwenye hoteli za watalii. Kabla ya kuanza, mwenyeji mmoja awaeleze watazamaji maana ya watakachokiona. Na wachezaji walipwe ujira ulioandikwa kwenye mkataba, si soda na ahadi. Uwanja upo na watazamaji wapo. Kinachokosekana ni nauli ya boti na ya basi, kutoka bandari ya Malindi hadi Arusha, na ofisa wa kuiidhinisha.