Ugonjwa wa figo: ulimi si kipimo cha chumvi

Mgonjwa wa figo anaonja sombe na kusema haina chumvi. Watoto waliokula sufuria hiyo hiyo wanaona iko sawa. Yeye anaongeza kijiko, na jamaa inanung'unika: munganga alikataza, lakini baba ana kichwa ngumu.

Mara nyingi si kichwa ngumu. Watafiti walipowapima wagonjwa wa figo wa muda mrefu, walikuta kwamba wengi hawasikii ladha ya chumvi mpaka iwe nyingi kuliko ile anayoisikia mtu mwenye afya. Figo zikidhoofika, uchafu unabaki katika damu na kufika hata katika mate. Dawa fulani na upungufu wa zinki vinaweza pia kupunguza ladha.

Hatari iko hapo. Figo ambazo zimechoka haziwezi kutoa chumvi ile vizuri. Inashika maji mwilini, miguu inavimba, tansio inapanda, na figo zinazidi kuharibika. Mwisho wa njia hiyo ni mashini ya kusafisha damu, dialize, ambayo mashariki mwa Congo ni haba na bei yake inashinda jamaa nyingi.

Kumwambia mgonjwa apunguze chumvi bila kumweleza kwamba ulimi wake unamdanganya ni kufanya kazi nusu. Waganga na wauguzi waseme hilo wazi, tena mbele ya yule anayepika.

Nyumbani, kijiko ndicho kipime. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai. Chumvi ya makayabu na ya Maggi inahesabiwa humo. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vinasaidia kuleta ladha. Lakini chumvi ya badala yenye potasiamu isiguswe bila ruhusa ya munganga: potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Kuna tumaini. Wagonjwa waliopunguza chumvi walionekana kuanza kuisikia tena, hata kwa kiasi kidogo. Ila ni vigumu mtu mmoja kuvumilia peke yake pembeni ya meza. Tansio ni moja ya sababu kubwa za ugonjwa wa figo; kwa hiyo sufuria moja yenye chumvi kidogo inamtunza mgonjwa, na inawakinga pia wale ambao bado ni wazima.