Mkasi si Hekima

Hakuna hukumu inayotolewa kwa wepesi katika uhakiki wa filamu kama hii: "Ni ndefu mno, wahusika ni wengi mno, ingekatwa ingekuwa nzuri." Ikishatamkwa, mjadala umefungwa. Mwongozaji anaonekana mtu asiyeweza kujizuia, na mhakiki anaonekana mtu mwenye kiasi. Wanaoipenda hukumu hii hawakosi methali ya kuegemea: mshika mawili moja humponyoka. Mimi naikataa. Mara nyingi ni uvivu wa kutazama uliovishwa joho la nidhamu, na imezidhulumu filamu zilizostahili kutazamwa kwa utulivu.

Chukua Magnolia ya Paul Thomas Anderson, iliyotoka mwaka 1999. Ina dakika 188, na inafuata maisha ya watu kama tisa hivi wa San Fernando Valley, Los Angeles, kwa mchana mmoja na usiku wake. Anderson alikuwa hajatimiza miaka 30, na studio ya New Line Cinema, iliyokuwa imeridhika na filamu yake ya Boogie Nights, ilimwachia uamuzi wa mwisho juu ya uhariri. Filamu iligharimu takriban dola milioni 37, na katika majumba ya sinema ya Marekani ilirudisha kama milioni 22 tu. Roger Ebert aliipa nyota zote nne. Janet Maslin wa New York Times aliona kwamba inaanza kujibomoa pale wahusika, kila mmoja mahali pake, wanapoimba wimbo mmoja. Tamasha la Berlin likaitunuku Dubu wa Dhahabu mwaka 2000. Tangu hapo kauli iliyoganda ni ileile: kipaji kikubwa, ila kimekosa mtu wa kukidhibiti.

Basi tufanye wasichofanya wanaodai mkasi. Tuchague cha kukata.

Tuanze na Jimmy Gator, mtangazaji wa chemshabongo ya watoto kwenye televisheni, anayeigizwa na Philip Baker Hall. Ana saratani na atakufa karibuni. Anakwenda kwa binti yake Claudia kumpa habari hiyo, na Claudia anamfukuza kwa mayowe. Baadaye tunaelewa kwamba binti huyu anaamini baba yake alimnajisi. Mtu anaweza kusema kisa hiki kinajirudia, kwa kuwa filamu tayari ina baba mwingine anayekufa kwa saratani: Earl Partridge, tajiri wa televisheni, aliyeigizwa na Jason Robards. Earl alimtoroka mkewe mgonjwa akamwachia mwanawe mwenye umri wa miaka 14 kazi ya kumuuguza mama hadi kufa. Mtoto huyo, Frank, amekuwa mtu mzima anayewafundisha wanaume namna ya kuwanasa wanawake na kuwatupa. Tom Cruise, anayemwigiza Frank, hajawahi kuigiza vizuri kuliko hapa.

Sasa mwondoe Jimmy. Kinachobaki ni kisa tulichokiona mara nyingi: mwana aliyekosana na baba anafika kando ya kitanda, analaani, analia, na mtazamaji anakwenda nyumbani akiwa amefarijika kwamba kifo hupatanisha. Jimmy ndiye anayetunyima faraja hiyo. Ugonjwa ni uleule, muda uliobaki ni uleule, lakini yeye hapati mtoto wa kumlilia, na mkewe anaondoka anapomuuliza kuhusu Claudia naye akashindwa kukana waziwazi. Wanaume hawa wawili wanapowekwa bega kwa bega, filamu inauliza swali ambalo hakuna kisa kimoja kati ya hivyo kingeweza kuliuliza peke yake: je, kufa kunafuta deni? Na inajibu kwamba hapana, si lazima. Anayedai msamaha kwa kuwa anakufa bado anadai kitu kisicho chake.

Au mwondoe Donnie Smith, mhusika wa William H. Macy, aliyekuwa bingwa wa chemshabongo hiyohiyo utotoni mwishoni mwa miaka ya 1960, wazazi wake wakala fedha zake. Leo ni mfanyakazi wa duka anayefukuzwa kazi, mpweke, anayetaka kurekebisha meno ili apendwe. Bila yeye, Stanley, mtoto anayeng'ara kwenye chemshabongo siku hiyo, ni mtoto aliyepatwa na jioni mbaya tu: amenyimwa ruhusa ya kwenda msalani, akajikojolea mbele ya kamera, akagoma kujibu. Donnie akiwepo, tunajua nini kinamngoja Stanley miaka thelathini mbele, na mgomo wake unageuka kuwa tendo la kujiokoa. Stanley hamjui Donnie. Maana inazaliwa katikati yao, mahali ambapo mtazamaji peke yake ndiye anayeona.

Hiyo ndiyo kazi ya upana. Filamu yenye familia moja hutuambia kwamba familia hii ina bahati mbaya. Magnolia inatuambia kwamba watu wazima wameumiza watoto nyumba baada ya nyumba, mtaa mzima, na televisheni imechuma fedha juu yake. Hoja ya namna hiyo haijengwi kwa nyumba moja. Hata mvua ya vyura ya mwisho, iliyochekwa na wengi, haina uzito kama haiwaangukii wote kwa pamoja, kama pigo la vyura katika kitabu cha Kutoka lilivyoiangukia Misri nzima bila kuchagua nyumba.

Nitaambiwa kwamba Anderson mwenyewe amekiri. Ni kweli: mwaka 2018, alipoulizwa na mashabiki angejipa ushauri gani wakati ule wa kutengeneza Magnolia, alijibu kwa maneno makali kwamba angejiambia atulie na akate dakika ishirini. Lakini hakusema ni dakika zipi, wala hajatoa toleo fupi. Zaidi ya hapo, msanii wa miaka 47 si jaji wa mwisho wa kazi ya kijana aliyekuwa amempoteza baba yake kwa saratani mwaka 1997. Utulivu wa umri una haki yake, na joto la msiba lina haki yake. Filamu hii ilitengenezwa na joto hilo.

Historia nayo haiungi mkono imani katika mkasi. Mwaka 1980 Heaven's Gate ya Michael Cimino ilioneshwa New York ikiwa na zaidi ya saa tatu na nusu, ikashambuliwa, ikaondolewa sokoni, ikarudi mwaka uliofuata ikiwa na dakika 149. Toleo lililopunguzwa halikumwokoa mtu yeyote: watazamaji hawakuja, wahakiki hawakugeuka. Mwaka 2012 toleo refu lililokarabatiwa lilioneshwa Venice, na leo ndilo linalojadiliwa kwa heshima. Mwaka 1984 Once Upon a Time in America ya Sergio Leone ilionekana Cannes ikiwa na dakika 229. Wasambazaji wa Marekani waliikata hadi 139 na kuyapanga matukio kwa mfuatano wa miaka, ilhali kumbukumbu inayoruka kutoka enzi moja hadi nyingine ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Walichopata ni filamu fupi isiyoeleweka. Ukiondoa mkanganyiko wa mtu anayekumbuka, humrahisishii mtazamaji, unamnyima sababu ya kutazama.

Imani hii inatoka wapi basi? Sehemu kubwa inatoka kwenye ratiba ya jumba la sinema. Filamu ya saa tatu huoneshwa mara chache kwa siku kuliko ya saa moja na nusu, hivyo tiketi zinapungua. Hilo ni tatizo halali la mwenye jumba. Kosa ni la wahakiki waliolichukua tatizo la biashara wakaligeuza kanuni ya sanaa. Na tusidanganyane kwamba watu hawana subira. Sholay ya mwaka 1975 ina zaidi ya saa tatu, imejaa ujambazi, mapenzi, vichekesho, nyimbo na kisasi, na watazamaji wa sinema za Kihindi kutoka Mumbai hadi Unguja na Mombasa hawajawahi kuhitaji kuelezwa kwa nini vyote hivyo vimo ndani ya kazi moja. Siku hizi watu wale wale wanaolalamikia filamu ya saa tatu hukesha na tamthilia ya saa kumi na kuisifu kwa kina cha wahusika wake.

Sisemi kila filamu pana ni nzuri. Zipo zinazokusanya nyota kumi ili kujaza bango. Lakini kipimo kisiwe saa ya mkononi. Crash ya Paul Haggis nayo inasuka visa vya watu wengi wa Los Angeles, kwa dakika 112 tu, safi na nadhifu, na ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2006. Kasoro yake iko mahali pengine: kila kisa ndani yake kinatoa somo lilelile la ubaguzi, kwa hiyo unaweza kuondoa viwili au vitatu na somo likabaki kama lilivyo. Filamu fupi inaweza kuwa na vya ziada, na ndefu inaweza kukosa hata kimoja. Nashville ya Robert Altman, ya mwaka 1975, ina wahusika wakuu 24. Mgombea urais anayesikika kupitia vipaza sauti vya gari bila sura yake kuonekana anatisha kwa sababu tumewaona watu wengi kiasi hicho wakiongea bila kusikilizana. Wapunguze hadi watano, na utabaki na kisa cha mwimbaji mgonjwa.

Kwa hiyo nina dai moja kwa kila anayeandika uhakiki. Ukisema filamu ingekatwa, taja kisa cha kuondolewa, kisha ueleze vile vinavyobaki vitapoteza nini. Ikiwa havipotezi chochote, umethibitisha hoja yako, na mwongozaji anapaswa kukusikiliza. Ukishindwa kutaja, basi ulichokieleza ni uchovu wako, na uchovu wa mtazamaji mmoja si kasoro ya filamu. Sinema inahitaji watu wanaothubutu kuitazama jamii nzima kwa pamoja, na watu hao wana haki ya kuhukumiwa kwa walichokijenga.