Dalili ya Mvua ni Mawingu, Lakini Mawingu Yapi?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, sidhani kuna methali iliyochoshwa na wanafunzi kama hii isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Tunaifungulia insha, tunaifungia insha, na mwalimu anatutilia alama ya vyema. Mimi sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoitumia kana kwamba kila wingu jeusi limebeba debe la maji kichwani na kila wingu jeupe ni gunia tupu. Maoni yangu ni haya: rangi ya wingu ni shahidi, lakini ni shahidi wa nusu. Anayemsikiliza huyo peke yake atakula hasara shambani.

Kwanza tuulizane, hivi weusi wa wingu hutoka wapi? Wapo wanaodhani eti ni moshi au uchafu. La hasha! Wingu jeupe na wingu jeusi ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Yote mawili ni matone madogo mno ya maji, na huko juu zaidi kwenye baridi kali, chembe za barafu. Ukiyapanga matone 50 ya wingu kwa mstari utapata kama milimita moja tu. Mwangaza wa jua nao una rangi zote za upinde wa mvua. Hewa hutawanya zaidi rangi ya buluu, ndiyo maana anga huwa buluu. Matone ya wingu hayana ubaguzi. Hutawanya rangi zote sawasawa, na zikichanganyika jicho huona weupe.

Weusi, basi, ni kivuli. Wingu jembamba hupitisha mwangaza mwingi. Wingu nene, lililopanda kilomita kadhaa kwenda juu, hurudisha mwangaza juu na pembeni, na ule unaofika chini ni haba. Sisi huku chini tunatazama tumbo la wingu, nasi tunasema ni jeusi tititi. Aliye ndani ya ndege juu yake analiona wingu lilo hilo jeupe pepepe!

Hapa ndipo wahenga walipopata ukweli wao. Tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2 linahitaji maji ya matone ya wingu kama 1,000,000. Katika wingu nene matone yana nafasi ya kugongana, kuungana na kunenepa hadi hewa inashindwa kuyabeba. Kwa hivyo weusi ni dalili ya unene, na unene ni dalili ya mvua. Lakini dalili ya dalili si jambo lenyewe, jamani.

Mathalani, tazameni Nairobi, Kiambu na Limuru mwezi wa Julai. Anga huwa la kijivu tangu asubuhi, baridi inatafuna mifupa, na jua halionekani siku nzima. Je, mvua hunyesha? Ni manyunyu tu. Julai ni mmoja wa miezi yenye mvua kidogo zaidi Nairobi, ilhali Aprili ndio unaojaza mitaro. Wingu la Julai limetandazwa kama blanketi. Limeziba jua, lakini halikupanda juu vya kutosha.

Isitoshe, rangi hutegemea umesimama wapi. Jua likiwa nyuma ya wingu, utaliona jeusi lenye kingo zinazong'aa. Jua likiwa nyuma yako, wingu hilo hilo litakuwa jeupe. Kule Kericho na Nandi, wingu la alasiri ukiliona kwa mbali ni jeupe kama koliflawa, na kumbe chini yake mvua ya mawe inachanachana majani chai. Katika nchi kavu nako, mara nyingine utaona mvua ikining'inia chini ya wingu jeusi kama pazia, isifike chini. Imekauka njiani!

Huenda msomaji akauliza, "Haya yanatuhusu nini sisi wa Chama cha Kiswahili?" Yanatuhusu sana. Mimi natoka Ukambani. Kwetu mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo tegemeo la wengi. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa nchi. Katika hali kama hiyo, mtu akiona wingu jeusi siku moja, na likatoa mvua ya nusu saa, hukimbilia jembe. Mahindi yanaota, jua linarudi, na baada ya wiki mbili yamekauka. Mbegu ilinunuliwa kwa pesa. Ya pili itanunuliwa kwa karo ya nani?

Wazee wenye busara hawakusoma rangi peke yake. Nyanya yangu huangalia upepo unatoka wapi, joto la usiku, na migunga kama imeanza kuchipua. Hizo ni dalili nyingi zilizokaa baraza moja. Nasi tuongeze nyingine: je, wingu linazidi kupanda au linasambaa tu? Idara ya Hali ya Hewa kule Dagoretti Corner imetabiri nini kuhusu wiki zijazo, si kuhusu leo tu?

Tena kuna jambo linaloniuma. Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard aliyapa mawingu majina ya Kilatini, nasi tunayakariri kwa ajili ya mtihani wa jiografia. Tukifika nyumbani, hatuwezi kumweleza mzazi kwa lugha anayoielewa kwa nini wingu la jana lilimdanganya. Elimu hiyo inabaki ndani ya daftari kama mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Napendekeza basi chama chetu kisome kipimamvua kila asubuhi, kiandike kwa Kiswahili jinsi mawingu ya jana yalivyokuwa na milimita zilizopatikana, na kibandike ubaoni. Kila mmoja aende likizo na nakala yake, akaisome na wazazi kabla ya kupanda.

Wahenga walisema ving'aavyo vyote si dhahabu. Nami naongeza, vilivyo vyeusi vyote si mvua. Tuyatazame mawingu, naam, lakini tuyatazame mara mbili kabla ya kufungua mfuko wa mbegu.