Siku Tatu za Baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi mwanamume haki ya likizo yenye malipo apatapo mtoto: siku zisizopungua 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Mama alipewa siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Hatudai hesabu hizo zilingane. Aliyebeba mimba ndiye aliyeumia. Tusemalo ni kwamba hata hizo siku 3 wako wanaume wasioziomba, na kinachowazuia si wingi wa kazi. Ni haya.

Haya hiyo twaijua. Mtu akionekana uani akifua nepi, majirani hunong'ona kwamba amelishwa limbwata. Akimbeba mtoto mgongoni huulizwa mkewe yuko wapi. Wala wasemao si wanaume peke yao. Mama mkwe na mawifi nao wamo. Kisha fedha zikimwishia, mtu huyo huyo huitwa mwanamume suruali.

Yafaa tujiulize tangu lini jiko likawa mwiko kwa mwanamume. Masufuria ya pilau ya harusi husimamiwa na wanaume, na hakuna awachekaye. Wakati wa ukoloni, waliopika, waliofua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu mjini Dar es Salaam walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, watu wazima wenye wake na watoto, nao waliitwa "boi" hata mvi zikiwa zimewaota. Walipogoma mwaka 1956 pamoja na wenzao wa hotelini, ugomvi wao na mwajiri haukuwa juu ya sufuria. Ulikuwa juu ya ujira na masharti ya kazi. Basi kazi ile ile aliyoifanya babu kwa mshahara nyumbani kwa mgeni, twaambiwa leo kwamba yamvunjia mjukuu heshima akiifanya nyumbani kwake. Hoja hii hatuifahamu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita kiasi, na kwamba wanaume wa huko wako likizoni nusu ya maisha yao. Likizo ya kijiweni, basi, hatuionei haya. Ya mtoto mchanga ndiyo inayotutoa jasho.

Lakini liko jambo zito zaidi. Miaka ya 1980 thamani ya mshahara ilipoporomoka, na miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, nyumba nyingi za mjini zilisimama kwa maandazi, vitumbua na genge la mama. Baba alirudi na barua ya kupunguzwa mkononi, na bado jioni ile watoto walikula. Wako waliomshukuru Mungu wakashika kinu na mwenzao. Wako pia walioona wamekufa wakiwa hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwekea mume wajibu wa kumpa mkewe chakula, mavazi na makazi kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo ilimwekea wajibu wa kumtunza mume aliyeshindwa kujipatia riziki kwa sababu ya kuumia au maradhi. Mwanamume mzima wa afya asiye na kazi hakutajwa hapo. Wenzetu wa namna hiyo wengine walipotelea vilabuni, wengine waliikimbia miji yao, na wengine mikono ikawa myepesi, ingawa kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo chakataza mwanandoa kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Hatuwatetei hata kidogo. Twasema tu kwamba mtoto wa kiume aliyefundishwa kuwa yeye ni mshahara wake, siku mshahara ukikatika hana pa kujishikiza.

Kwa hiyo ndugu mfanyakazi anayekwenda kumwogesha mwanawe asichekwe karakanani, na msimamizi ndiye wa kwanza kutocheka. Nchini Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 ilimpa baba majuma 2 kwa malipo kamili, na viwanda vya huko havikufungwa kwa ajili hiyo. Kwetu sheria imesema "angalau", nalo ni neno lenye nafasi: haimkatazi mwajiri kutoa zaidi. Mahali pa kuitumia nafasi hiyo ni katika mkataba wa hali bora. Tawi la chama cha wafanyakazi litakaloketi na mwajiri mwaka huu liiweke likizo ya baba katika orodha ya madai yake, pamoja na mshahara na nauli, na wanaume wenyewe ndio waisemee, wasiwaachie akina mama.