Kabla Uuze Laptopu Yako, Andika --help

Wasee, leo najianika.

Kama umenifuata tangu mwaka jana, unaikumbuka ile video yangu ya "4GB? Usijisumbue." Dakika mbili na nusu, niko juu ya rufu hapa Umoja, nawaambia kwamba mtu anayetaka kujifunza kuandika programu na laptopu ya 4GB anachoma bando bure. "Tafuta doo, nunua mashine ya maana, halafu urudi tuongee." Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo. Ndiyo pia ya kijinga zaidi niliyowahi kufanya, na kuna kijana wa ploti yetu anailipia kila Jumatatu.

Huyu kijana amemaliza fomu foo, anangoja chuo. Alikuwa na laptopu ya mtumba, 4GB, amewekewa Linux. Hakuwa kwa kozi ya mtu yeyote. Alikuwa amepata bure mtandaoni kile kitabu cha Abelson na Sussman, Structure and Interpretation of Computer Programs, kilichotoka MIT mwaka 1985 na toleo la pili 1996. Kitabu kinatumia lugha inayoitwa Scheme, ambayo Sussman na Guy Steele waliitengeneza hapo hapo MIT mwaka 1975. Kijana akaweka MIT Scheme, akaanza kusoma usiku, mathe wake akilala ndiyo aamke saa kumi kukanda mandazi.

Siku moja akaandika hii:

(define (jumla n)
  (if (= n 0)
      0
      (+ n (jumla (- n 1)))))

Inajumlisha namba zote kutoka 1 mpaka n. Akajaribu (jumla 1000), ikamjibu 500500. Safi. Akajaribu (jumla 1000000). Skrini ikamtupia hii:

;Aborting!: maximum recursion depth exceeded

Alinipata kwa ngazi. "Brathe, hii ni nini?" Nikaona neno "maximum", nikacheka. Nikamwambia si nilishasema kwa video, mashine yako imeshiba. Sikusoma sentensi nzima. Sikuuliza anaendesha nini. Na ukweli ni kwamba hata kama ningeuliza, singejua.

Akauza ile laptopu 9,000. Akakopa 15,000 kwa simu, zile mkopo za kubonyeza mara tatu. Akaenda town akanunua mashine ya 8GB kwa 24,000. Alinunua kwa muuzaji ambaye namba yake nilikuwa nimeiweka chini ya video, na kila mteja anayetoka kwangu, mimi napata 500. Ile 500 yake ilinifikia kabla ya jioni.

Saa tatu usiku akabisha mlango wangu. Ameweka MIT Scheme kwa mashine mpya, ameandika programu ile ile, na jibu ni lile lile. Neno kwa neno. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Alidhani ni yeye amekosea.

Usiku huo ndiyo nilifanya kitu ambacho ningefanya mwaka mmoja kabla ya kushika kamera. Niliandika:

mit-scheme --help

Haikutaka bando. Haikutaka akaunti. Ikanimwagia orodha ya opsheni, na moja yao ni --stack. Tukafungua maelezo yake tukakuta kwamba unaipa idadi ya bloku, na kila bloku ni maneno 1024 ya kompyuta. Kwa mashine ya biti 64, neno moja ni baiti 8, kwa hivyo bloku moja ni kama kilobaiti 8. Tukapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu, tukatoka kwa Scheme, tukawasha upya hivi:

mit-scheme --stack 20000

Hiyo ni kama megabaiti 160. Akaandika (jumla 1000000) tena. 500000500000. Hakuna kelele.

Tukawasha laptopu yangu ya zamani, ile ninayoificha nikirekodi kwa sababu ni 4GB. Komandi ile ile, jibu lile lile. Kijana akanyamaza. Mimi pia.

Sasa wacha nieleze kwa lugha ya ploti, ndiyo asije mtu mwingine akachezwa. RAM ni lile tangi la maji kule juu. Steki ni mtungi ambao keretaka amekupa wa kuchotea. Lita 20, uwe unaishi peke yako au mko watu saba. Ukileta tangi la lita 10,000 badala ya 5,000, mtungi wako bado ni lita 20. MIT Scheme inapowaka, inakata kipande cha steki cha ukubwa ambao walioitengeneza waliuchagua, na usipoiambia kitu, haiendi kuangalia kama una 4GB au 8GB. Programu ya kijana ilikuwa inaweka kila hesabu kiporo ikingoja inayofuata imalize, viporo milioni moja, na mtungi ukajaa. Tangi lilikuwa na maji tele. Tulichohitaji ni kuomba mtungi mkubwa, na kuomba ni bure.

Na unaomba wakati wa kuwasha. Hapo wengi hukwama. Ukishaingia ndani ya intapreta, ukubwa wa steki umeshaamuliwa, umechelewa. Toka, washa upya na opsheni yako. Ukichoka kuandika kila siku, weka mstari mmoja kwa faili la .bashrc:

alias mit='mit-scheme --stack 20000'

Na si MIT Scheme peke yake. Ukiendesha faili kwa Guile mara ya kwanza, inajikokota huku ikiandika maneno mengi, na watu hukimbilia kusema mashine ni mbovu. Soma yale maneno. Guile inakuambia kwamba inakompaili faili lako na kuliweka akiba, ndiyo mara ya pili iende haraka, na inakuambia pia jinsi ya kuzima hiyo tabia: GUILE_AUTO_COMPILE=0, ama --no-auto-compile. Imekupa swichi mkononi kabla hata hujauliza. Tena tangu Guile 2.2 ya mwaka 2017, steki yake inajipanua yenyewe mpaka kumbukumbu iishe, kwa hivyo programu ya kijana ingepita bila opsheni yoyote. Laptopu ile ile, jibu tofauti, kwa sababu watu wengine waliamua kitu tofauti.

Gambit, ya Marc Feeley wa Montréal, opsheni zake zinaanza na -: halafu herufi. Ukiandika gsi -:h200000 hesabu.scm, umeiwekea hipu kikomo cha kilobaiti 200,000. Majina ya opsheni hubadilika toleo kwa toleo, kwa hivyo soma ya toleo lako. Lakini ona faida yake: programu yako ikipagawa, inasimamishwa hapo kwa kikomo badala ya kumeza RAM yote mpaka laptopu igande na ule kazi ambayo hujahifadhi. Mwenye 4GB ndiye anahitaji hiyo opsheni kuliko mwenye 32GB. Sisi ndio tulifaa kuwa wataalamu wa hizi vitu.

Najua komenti zinazokuja, acha nizijibu mapema.

"Scheme ni ya nani kazini?" Sawa, sijaona tangazo la kazi ya Scheme hapa Nairobi. Lakini Java ina -Xmx ya hipu na -Xss ya steki. Node ina --max-old-space-size. Python inakukatia viporo ikifika karibu 1000, hata ukiwa na kompyuta ya benki, mpaka uiambie vingine kwa sys.setrecursionlimit. Ni mtungi ule ule. Na hiyo JavaScript mnayoiabudu, Brendan Eich aliitwa Netscape mwaka 1995 akiahidiwa kwamba ataweka Scheme kwa brauza. Yule jamaa wa saiba anayewatengenezea mabango ya harambee na GIMP, Script-Fu iliyo ndani yake ni Scheme. Hujui tu.

"Kuongeza namba si suluhisho, andika programu vizuri." Kweli kabisa, na aliyenionyesha hivyo ni kijana mwenyewe. Wiki iliyofuata alifika ukurasa ambapo kitabu kinalinganisha njia mbili za kufanya hesabu moja, akarudi na hii:

(define (jumla n)
  (let zunguka ((i n) (t 0))
    (if (= i 0)
        t
        (zunguka (- i 1) (+ t i)))))

Hii haiweki kiporo. Inabeba jumla mkononi inavyoenda, na sheria za Scheme zinalazimisha intapreta isitumie steki kwa mzunguko wa aina hii. Inafika milioni bila --stack. Pia, ukisahau kuandika mahali pa kusimama, hata --stack 200000 haitakuokoa, utangoja tu muda mrefu zaidi kabla ya kuona kosa lile lile. Na ukiongeza kiholela kwa 4GB, unanyang'anya brauza yako. Opsheni ni ya mtu anayejua anaomba nini na kwa nini. Lakini huwezi kufika kwa hiyo hatua ya pili kama hatua ya kwanza mtu alikuambia "nunua ingine."

"Kwani RAM haisaidii?" Inasaidia. Ukitaka kuhariri video ama kuendesha Android Studio, 4GB itakutesa, sitadanganya. Ninachosema ni kwamba kabla hujatoa hata shilingi, ujue ni nini kimejaa. Tangi ama mtungi.

Sasa kwa wenzangu wa kontenti, na hii ndiyo sababu naandika. Sisi tunakula kwa hofu ya watoto wa mtaa. Mtoto wa Kayole ama Dandora anaona kosa kwa skrini, na tayari ameambiwa maisha yake yote kwamba alichonacho hakitoshi. Shule haikutosha, mtaa hautoshi, Kiingereza hakitoshi. Tunakuja tunamwambia na laptopu haitoshi, halafu tunaweka namba ya muuzaji chini. Anatuamini kwa sababu tunaongea kama yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba ile setingi ya mwanzo ni uamuzi wa mtu aliyekaa mahali fulani akachagua namba, na kwamba walimwachia mlango wa kuibadilisha, wakauandika, wakaweka maelezo bure.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na nimejenga jina kwa kusema chuo hakinifundishi kusoma vitu mwenyewe. Halafu mtoto akaniletea sentensi moja ya maneno manne na sikuisoma. Hiyo siwezi kumwekea lekchara.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Namba ya muuzaji nimeitoa kwa video zangu zote. Ile video siifuti, kwa sababu nikiifuta nitakuwa nimejisafisha na wale walionunua wamebaki na madeni. Nimeweka maelezo haya juu yake, ya kwanza kabisa. Deni la kijana limebaki wiki sita na nusu yake nalipa mimi, pamoja na ile 500. Mathe wake ameniuliza ni ya nini, nikamweleza ukweli wote. Aliniangalia kitambo, akanipa mandazi mbili, akasema nisirudie.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa: leo jioni fungua dirisha la komandi, chukua programu unayoitumia kila siku, andika jina lake halafu --help. Soma yote, hata usipoelewa nusu. Ukipata opsheni ambayo ingekuokolea pesa, iandike kwa komenti na useme inafanya nini. Ukiwa umeambiwa ununue mashine mpya, andika pia kosa lililoonekana, neno kwa neno. Nitakaa hapa nisome moja moja, na safari hii nitasoma sentensi nzima.